Bahari Ikipiga Hodi

Saa nne na robo asubuhi bahari ilipiga hodi, na hakuna aliyeitikia.

Lilikuwa jambo la aibu, maana bahari ile ilikuwa imefunzwa adabu vizuri. Ilipiga hodi ya kwanza kwa sauti ya wastani, kupitia vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo kumi na mbili katikati ya tope la pwani. Ikangoja dakika tano. Ikapiga ya pili, ikangoja tena. Ikapiga ya tatu, halafu ikasema kwa unyonge kidogo, "Naona hamna mtu. Nitarudi usiku." Na milango sita ya chuma, kila mmoja mzito kama tembo kumi walioshiba, ikabaki imefungwa.

Katika chumba cha zamu, juu ya ukuta wa lango, Mgeni Faki wa kidato cha nne alianza kuihesabu milango upya, kana kwamba mmoja ungeweza kuwa umefunguka kwa siri.

Walikuwa watatu chumbani. Mgeni mwenyewe, mwenye zamu ya maji wiki ile, maana shule ya bweni ya jirani hutoa mwanafunzi mmoja kila wiki kusaidia langoni. Fundi Kombo, aliyekuwa akilitunza lango tangu Mgeni hajazaliwa, na aliyekuwa na masharubu kama ufagio uliostaafu. Na katikati yao, akiwa na viatu vinavyong'aa kiasi cha kuweza kuchania nywele, Mkaguzi Kihwele wa Mamlaka ya Mikondo.

"Fundi," alisema mkaguzi taratibu, "hivi nimesikia mashine ya serikali ikipiga hodi?"

"Umesikia sawasawa, mheshimiwa."

"Ikaondoka?"

"Mtu akikosa mwenyeji, mheshimiwa, hufanyaje?"

Lango la Chumvini liliendeshwa kwa ujanja ambao hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeuelewa, kama angeamshwa. Bahari ikijaa, milango hufunguliwa na maji huingia kwenye hori, ule mkono wa bahari ulio nyuma ya shule, mpaka likafurika. Kisha milango hufungwa. Bahari ikipwa, maji ya hori hubaki juu, yamekwama, yamenuna kama wanafunzi walionyimwa likizo. Ndipo milango hufunguliwa tena, maji yakateremka kwa hasira na kuzungusha magurudumu sita, na mji wa Chumvini, watu elfu arobaini, ukapata taa, maji ya bomba na barafu.

Tatizo ni kwamba maji hayo hayateremki hewani. Huteremka juu ya tope, na kwenye tope lile, bahari ikipwa, kulikuwa na wanawake thelathini na mmoja wakichokoa kome na chaza. Hao ni wachokoaji, si wachokozi, ingawa aliyewahi kubishana nao bei ana haki ya kuchanganya.

Zamani ilikuwapo honi. Kabla ya milango kufunguliwa honi ililia kwa dakika kumi, na kila mtu akakimbia. Mwaka juzi ililia kama kawaida, na Bi Riziki Makame, mwenye goti bovu, alikimbia kama kawaida yake, yaani hakukimbia. Maji yalimbeba mpaka kwenye mikoko. Alipatikana hai, nyonga imevunjika, kijembe chake mkononi, akitukana kwa ufasaha ambao wauguzi wanauzungumzia mpaka leo. Taarifa ya Mamlaka ilisema kwamba honi ilikuwa nzima.

Hodi aliileta Mgeni, wala si kwa wazo tukufu la kumtetea mtu. Nia yake, na ataapa mbele ya baraza lolote la nidhamu, ilikuwa kumwaibisha matroni. Matroni wa bweni lao aliingia chumbani bila hodi, saa yoyote, kama upepo wenye funguo. Mgeni akaona: ikiwa bahari yenyewe itapiga hodi, matroni atauficha wapi uso wake? Ubongo wa lango uliitwa Serahangi, na Serahangi alikuwa amewekwa ili ajifunze kutoka kwa watu wa zamu kwa kuongea nao. Basi katika zamu tatu Mgeni alimsomea Serahangi kila alichokijua kuhusu kuingia nyumba za watu. Alimweleza hodi tatu na subira. Alimweleza kwamba asipoitikiwa, arudi. Alimweleza kwamba akikaribishwa avue viatu kwanza, yaani angoje dakika saba, asivamie. Aliposahau kitu alimsomea kitabu chote cha methali za mtihani, ukurasa kwa ukurasa, maana alikuwa na jaribio siku ya pili yake na akaona si vibaya kuua ndege wawili na kumpa wa tatu wasiwasi.

Matroni hakuaibika hata kidogo. Lakini siku ya kwanza bahari ilipopiga hodi, kule topeni wanawake thelathini na mmoja waliinua vichwa, na kwa kuwa hakuna mtu aliyelelewa pwani anayeweza kusikia hodi akanyamaza, mmoja wao alijibu, "Ngoja kidogo, tunavaa!"

Na bahari ikangoja.

Tangu siku hiyo miezi minne ilikuwa imepita. Kila hodi ilipopigwa wanawake walikusanya vikapu vyao, wakapanda ufukweni, wakahesabiana, na Bi Riziki, ambaye hakuweza tena kuchokoa lakini hakuweza pia kukaa nyumbani, akaitikia "Karibu!" kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mkwe. Hakuna aliyebebwa. Hakuna aliyeacha kikapu.

Na leo hakukuwa na mtu topeni hata mmoja, kwa sababu mjukuu wa Bi Riziki alikuwa anaolewa.

"Sasa nieleweshe vizuri," alisema Mkaguzi Kihwele. Alikuwa ameketi na kufungua daftari, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. "Wiki iliyopita yalikuwa maji mafu, hayakujaa vya kutosha, betri za mji zinakaribia kukauka. Leo bamvua, hori limejaa mpaka mdomoni. Na umeme haupatikani kwa sababu watu wameenda arusini."

"Betri zitadumu mpaka saa tisa alasiri," alisema Fundi Kombo. "Baada ya hapo, kiza, na pampu za maji zinasimama. Hodi nyingine ni saa nne usiku."

"Na kufungua kwa mkono?"

"Saa tano za kuzungusha gurudumu, mheshimiwa. Saa sita adhuhuri bahari itakuwa imerudi juu, maji hayatakuwa na pa kuangukia."

Mkaguzi aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo mwekundu, mfupi, wa kawaida kabisa. Mgeni aliufahamu kwa picha. Ukiuingiza kifuani mwa Serahangi na kuugeuza, kila alichojifunza kinafutika, anarudi kama alivyotoka kiwandani. Anarudi kwenye honi.

"Dakika tano," alisema mkaguzi. "Nageuza, honi inalia, milango inafunguka, mji unapata umeme. Halafu tutazungumza kuhusu nani aliyeichezea mali ya umma. Fundi?"

Fundi Kombo alipapasa masharubu yake. Alikuwa amegundua mchezo ule wiki ya pili tu, akacheka peke yake mpaka akakaa chini, kisha akanyamaza miezi minne. Alikuwa na miaka miwili kabla ya kustaafu.

"Ni mimi," alisema.

Kila shule ya bweni ina sheria mbili. Ya kwanza imeandikwa ukutani na hakuna anayeifuata. Ya pili haijaandikwa popote, na inasema kwamba mtu mwingine asifyeke nyasi zako, yaani asibebe adhabu yako. Mgeni alikuwa amefyeka nyasi zake mwenyewe kwa miaka minne, eneo ambalo likijumlishwa lingetosha uwanja wa ndege.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa namtania matroni."

Mkaguzi alimtazama kutoka soksi hadi ushungi. "Unaitwa nani?"

"Mgeni Faki Hamad, mheshimiwa. Shikamoo." Alikuwa ameshamwamkia asubuhi, lakini aliona ya pili haidhuru.

"Marahaba. Mgeni, mara nne katika miezi hii mji umechelewa kuwashiwa taa, kwa kuwa mtu fulani huko chini alikuwa anavaa. Unajua?"

"Najua. Na Bi Riziki alivunjika nyonga honi ikiwa inalia vizuri kabisa. Unajua?"

"Binti!" Fundi Kombo alinong'ona.

"Mwache." Mkaguzi aliuweka ufunguo mezani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Mgeni. "Watu elfu arobaini upande huu. Wanawake thelathini na mmoja upande ule. Mimi sikutumwa hapa kuchagua nani ana adabu. Nimetumwa kuhakikisha umeme unawaka. Wewe ungefanyaje?"

Kwa kawaida Mgeni hujibu kabla swali halijaisha. Hilo lilikuwa limeandikwa hata kwenye ripoti zake za muhula, kama kosa. Safari hii alifikiria kwanza wodi ya wazazi, pampu, mama mboga mwenye friji moja. Alifikiria honi, ambayo ilijua kupiga kelele na haikujua kusikiliza. Hesabu ya mkaguzi ilikuwa sahihi, ila kila alipoipitia alimkuta Bi Riziki amebaki nje ya jumla.

"Kosa si hodi," alisema mwishowe. "Kosa ni kwamba nyumba haina mtu leo. Basi niwe mtu. Nishuke niitikie. Ukigeuza huo ufunguo hutaweza kumrudishia alichojifunza. Nisiposhuka, hutajua kama ulikuwa na haja ya kuugeuza."

"Kuitikia si kungefanyika hapa hapa?"

"Hapa ndani ya lango ni kwa Serahangi mwenyewe, mheshimiwa," alisema Fundi Kombo. "Mtu hajikaribishi mwenyewe. Nilishajaribu, alinicheka."

Mkaguzi alitazama saa. "Saa tano kasoro robo. Saa tano na nusu nageuza, uwe umerudi au hujarudi. Na honi itakupa dakika kumi zako kama mtu mwingine yeyote."

Kanuni ya kumi na tisa ya shule inakataza mwanafunzi kuvuka mstari wa mikoko. Mgeni aliivuka kwa heshima zote, akiwa ameshika viatu mkononi. Bi Riziki huitikia kutoka ufukweni na sauti yake hufika nguzoni; ya Mgeni ilibidi ipelekwe kwa miguu.

Tope la Chumvini halitembewi, linaombwa. Kila hatua lilimshika kifundo, likafikiri, likamwachia kwa mlio usio na adabu. Alipofika nguzo ya saba, iliyokuwa katikati kabisa, sketi yake ya shule ilikuwa imebadili rangi na ilikuwa saa tano na dakika tano. Nyuma yake ukuta wa lango ulisimama mweusi, na nyuma ya ukuta aliweza kuyahisi maji, mamilioni ya ndoo, yakiwa yamemwinamia.

Chini ya nguzo kulikuwa na jiwe bapa, kikalio cha Bi Riziki cha kila siku, na kijembe chake kifupi kimechomekwa pembeni.

Mgeni alisafisha koo. "Nani alipiga hodi?"

Nguzo ilikwaruza. "Mimi," alisema Serahangi. "Niliona kimya, nikaondoka."

"Samahani, sikukusikia. Rudi. Karibu!"

"Ahsante. Nani ananikaribisha?"

"Mgeni."

Kaa mmoja alipita, akawatazama, akaendelea na shughuli zake.

"Mgeni hamkaribishi mgeni," alisema Serahangi. "Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Ni jina langu! Mgeni Faki! Unanijua, mimi ndiye niliyekufundisha!"

"Nakujua sana. Wewe ni Mgeni. Mwenye nyumba akirudi mwambie nilipita."

"Serahangi! Usiondoke!" Aliisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. Mama yake alimpa jina lile kwa sababu alizaliwa siku nyumba imejaa wageni kutoka Tanga, na katika miaka kumi na saba halikuwahi kumgharimu kitu zaidi ya utani. "Basi niite Asha. Mimi ni Asha."

"Sauti ni ya Mgeni. Na mwongo haaminiwi hata akisema kweli."

Ukurasa wa arobaini na moja. Mgeni alikikumbuka hata kitone cha chai kilichokuwa pembeni mwake. Alilaani kitabu kile, aliyekichapa, na msichana fulani mjinga aliyekisoma kwa sauti usiku kucha kwa mashine isiyosahau.

Saa tano na dakika kumi na tatu. Huko juu dirishani aliona kitu chekundu kikimetameta, labda ufunguo, labda kalamu tu.

Aliketi juu ya jiwe. Fikiri, alijiambia. Kama Serahangi alikijua kitabu chote, basi jibu lilikuwa humo humo. Mgeni ni kuku mweupe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hizo zote zilimwacha mgeni mgeni.

"Serahangi. Mtu hukaa siku ngapi mpaka akaacha kuwa mgeni?"

"Mgeni siku mbili," alijibu Serahangi bila kusita, "siku ya tatu mpe jembe."

"Mimi nina miaka minne hapa!"

"Umepewa jembe?"

Mgeni aligeuka polepole akakitazama kijembe cha Bi Riziki.

Kama kulikuwa na fani moja ambayo shule ilimpa bila choyo, ilikuwa hii. Alikikamata kama mtu anayemsalimia rafiki wa zamani, akapiga magoti, akachimba. Tope likaruka. Kijembe kikagonga kome wa kwanza kwa mlio wa bakuli la udongo. Akamtoa, akamtupa kwenye kiatu chake, kwa kuwa hakuwa na kikapu. Wa pili. Wa tatu. Masikio ya Serahangi yalikuwa kwenye nguzo zote kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile yalikuwa na kitu cha kusikiliza.

"Nasikia jembe," alisema Serahangi.

"Unasikia kazi!" Jasho lilimwingia machoni. "Nani analima?"

"Analima wa nyumbani."

"Basi?"

Halafu, kwa sauti ya wastani, kutoka nguzo zote kumi na mbili kwa pamoja: "Hodi!"

Mgeni alisimama. Tope lilikuwa limemrukia mpaka kwenye nyusi. Hakuwahi kusema neno lile kwa makini hivyo maishani mwake.

"Karibu!"

"Ahsante. Navua viatu."

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba za kuvua viatu zilikuwa dakika saba tu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyezikadiria, akiwa amekaa kwenye kiti.

Alikimbia. Historia ya riadha ya shule haina rekodi ya mbio zile, kwa kuwa hakuna aliyepima, lakini Fundi Kombo anasema alimwona akipita juu ya tope kama jiwe linalorushwa juu ya maji. Aliishika mikoko milango ikiwa imeinuka kiasi cha goti. Alipogeuka, maji yalikuwa yanapita pale lilipokuwa jiwe, meupe, kwa ngurumo iliyotikisa mizizi chini yake, na juu ya ukuta taa sita za kijani ziliwaka, moja baada ya nyingine.

Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki topeni. Cha pili kilikuwa na kome saba.

Baraza la nidhamu lilimpa Mgeni siku tatu za jembe nyuma ya jiko. Aliipokea hukumu kwa utulivu, akauliza kama wanaweza kumwandikia cheti kinachosema hivyo hivyo, siku tatu na jembe, kwa ajili ya Serahangi. Wakaongeza ya nne.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, na kutoka nyuma ya jiko lango lilionekana lote. Mkaguzi Kihwele alikuwa amerudi na wakubwa wawili wa Mamlaka, safari hii amevaa buti za mvua. Ufunguo mwekundu ulikuwa umerudi kabatini kwao. Katika taarifa yake alikuwa ameandika kwamba lango lina upungufu wa mtumishi mmoja, na kwamba cheo cha mtumishi huyo kiitwe Mwenye Nyumba. Sharti lilikuwa moja: awepo kila maji yanapopwa, arusi iwepo isiwepo, na asichelewe kuitikia zaidi ya robo saa.

"Nitajitahidi," Bi Riziki alikuwa amesema, na wote waliomfahamu walitazama pembeni.

Sasa aliketi juu ya jiwe jipya, lililowekwa mahali pakavu karibu na mikoko, chini ya mwavuli wa serikali, na nguzo yake mwenyewe mbele yake. Wanawake wengine thelathini walikuwa wamekwisha kupanda ufukweni na vikapu vyao, wamehesabiana, wanasubiri. Juu ukutani wakubwa walisimama wamefumbata mikono. Nyuma yao mji mzima wa Chumvini, kwa pasi na friji na pampu zake, ulisimama pia, ingawa haukujua.

"Hodi!" ilisema bahari.

Mgeni aliegemea jembe lake asikie vizuri.

Bi Riziki alinyoosha kanga, akalipiga tope kwa fimbo, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa.

"Nani?"

"Mimi, bibi."

"Ngoja kidogo," alisema Bi Riziki. "Navaa."

Na bahari ikangoja, na wakubwa wakangoja, na umeme wa watu elfu arobaini ukangoja mlangoni umeshika viatu mkononi.

Alikuwa amevaa tangu alfajiri.